Sauti Isiyo na Shahidi

Kuanzia mwaka 1953, kwa miaka minne, kikundi kidogo cha wanamuziki wa Vienna kilikuwa kikikusanyika nyumbani kwa mpiga selo kijana na mkewe mpiga fidla, kufanya mazoezi ya muziki ambao hakuna mtu aliyewaagiza. Wengi wao walikuwa na ajira katika okestra ya Wiener Symphoniker. Huko walipiga Beethoven na Brahms kama walivyofundishwa vyuoni, kwa ala za kisasa, na mwisho wa mwezi walipokea mshahara. Nyumbani kwa Nikolaus na Alice Harnoncourt hapakuwa na mshahara. Palikuwa na fidla zilizofungwa nyuzi za utumbo, ala nyingine za kale ambazo wapigaji wa wakati huo hawakuwa na haja nazo, na maandishi ya watunzi waliolala maktabani kwa miaka mia mbili na zaidi. Walijiita Concentus Musicus Wien. Onyesho lao la kwanza la hadhara lilifanyika mwaka 1957, katika jumba la Schwarzenberg mjini humohumo.

Miaka minne kabla ya kupanda jukwaani ni mingi kwa watu ambao tayari walikuwa mabingwa wa kazi yao. Noti zenyewe hazikuwa tatizo. Kilichowachelewesha ni kwamba ala walizozishika ziliwakataa.

Inafaa kueleza kukataliwa huko kulivyo, kwa sababu ndiko chimbuko la mambo yote yaliyofuata. Fidla tunayoiona leo katika okestra, hata ile yenye jina la Stradivari ndani ya tumbo lake, imepasuliwa. Mafundi wa karne ya 19 walizifungua karibu fidla zote za zamani, wakang'oa shingo na kuweka nyingine ndefu zaidi iliyoinama kwa nyuma, wakapachika ndani kipande kinene zaidi cha mbao ili kifua kihimili nyuzi zilizokazwa kwa nguvu kubwa. Sababu ilikuwa biashara na usanifu wa majengo: muziki ulikuwa umetoka kwenye kasri za wakubwa na kuingia kwenye kumbi za watu waliolipa kiingilio, na mtu wa safu ya mwisho naye alitaka kusikia. Baadaye nyuzi za chuma zikachukua nafasi ya zile za utumbo. Upinde nao ulikuwa umekwisha kubadilika. Fundi François Xavier Tourte wa Paris, kuelekea mwisho wa karne ya 18, aliukunja ubao wake kuelekea ndani, akaupa urefu na uzito, na tangu hapo mpigaji anaweza kuvuta sauti yenye nguvu ileile kutoka mwanzo wa upinde hadi ncha yake.

Rudisha yote hayo nyuma, na mkono wa bingwa wa kisasa unabaki hauna kazi uliyoizoea. Uzi wa utumbo wa kondoo, uliooshwa, ukakwanguliwa, ukasokotwa ukiwa mbichi na kukaushwa, haupendi kubanwa. Ukiukandamiza unakoroma. Unavuta unyevu wa pumzi za watazamaji na joto la taa, na kila baada ya kipande kimoja inabidi kulinganisha upya. Msikilizaji aliyezoea okestra kubwa hukereka na vipindi hivi vya kulinganisha nyuzi. Anadhani wanamuziki hawakujiandaa. Fidla haina kile kipande cha kushikia kidevu, kwa hiyo kuhamisha mkono wa kushoto juu na chini ya shingo yake kunataka hila. Selo haina mguu wa chuma wa kuisimamisha. Mpigaji anaibana kwa miguu yake kama ilivyo. Na upinde wa zamani, mfupi, uliobinuka kwa nje, una nguvu mahali unaposhikwa na unyonge kwenye ncha. Kila mvuto wa kushuka unaanza na uzito na kufifia wenyewe. Kila mvuto wa kupanda ni mwepesi.

Hapo ndipo ala ilipoanza kuwafundisha. Upinde usioweza kushikilia sauti ndefu unaigawa sentensi ya muziki katika silabi, nyingine nzito na nyingine nyepesi. Anayejua kughani utenzi ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo cha muziki: mizani ipo, lakini si kila mizani inabeba uzito sawa, na mghani anayezitamka zote kwa nguvu moja anaua maana. Harnoncourt alijenga juu ya jambo hili fikra nzima, kwamba muziki wa kabla ya mwaka 1800 au karibu na hapo unazungumza, kwamba umeundwa kwa kanuni za hotuba, na kitabu chake cha mwaka 1982 kinabeba wazo hilo katika jina lake. Watu walimpinga, na wapo waliomwona mwenye chumvi nyingi mno. Lakini hakulitoa wazo hilo katika falsafa. Lilitoka kwenye upinde.

Hawakuwa wa kwanza, na sifa hiyo wenyewe hawakuidai. Arnold Dolmetsch, Mfaransa kwa kuzaliwa, alikuwa ameshatengeneza vinanda vya kale, filimbi za mbao na ala za nyuzi kule Haslemere, Uingereza, akachapisha mwaka 1915 kitabu kikubwa kuhusu namna ya kuupiga muziki wa karne ya 17 na 18. Wanda Landowska, Mpoland mwenye haiba ya malkia, alikuwa ameirudisha hapsikodi jukwaani, kile kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa kwa nyundo. Ila hapsikodi ya Landowska ilitengenezwa na kiwanda cha piano cha Pleyel, ikawa na fremu ya chuma kama piano. Mwaka 1933 alirekodi kwa ala hiyo zile Variations za Bach zinazojulikana kwa jina la Goldberg, na mpaka leo rekodi hiyo inasimamisha nywele. Kizazi kilichomfuata kiliitupilia mbali hapsikodi yake kwa madai kwamba si ya kweli. Neno hilo, kweli, lilikuja kuwatesa na wao.

Sasa, walisoma nini ili kujua namna ya kupiga? Vitabu vya walimu wa zamani. Vinne vinatajwa kuliko vingine: cha Francesco Geminiani kuhusu fidla, kilichotoka London mwaka 1751, cha Johann Joachim Quantz kuhusu filimbi, 1752, cha Carl Philipp Emanuel Bach kuhusu vinanda, sehemu ya kwanza 1753, na cha Leopold Mozart, baba wa yule Mozart, kuhusu fidla, 1756. Itazame miaka hiyo. Vyote vinne vilichapishwa baada ya Johann Sebastian Bach kufariki mwaka 1750. Konseto zake sita za Brandenburg, ambazo hakuna kikundi cha ala za kale kisichozipiga, alizipeleka kwa mkuu wa huko mwaka 1721. Ni sawa na kujifunza mapishi ya bibi kutoka kwa daftari la mjukuu aliyekwenda kuolewa mji mwingine.

Tena waandishi hao hawakubaliani. Chukua suala la kutetemesha kidole juu ya uzi, ule mtikisiko unaoifanya fidla ya kisasa ilie kwa huruma bila kupumzika. Leopold Mozart aliwakejeli wapigaji wanaotetemesha kila noti, akawafananisha na watu wenye ugonjwa wa kutetemeka. Geminiani, miaka mitano kabla yake, alishauri mtetemo utumike mara nyingi iwezekanavyo. Mtu mwenye vitabu vyote viwili mezani atamfuata nani? Vikundi vingi vya ala za kale vilimfuata Mozart baba, na kwa muda mrefu sauti kavu, iliyonyooka, ikawa ndiyo alama yao. Geminiani, ambaye alikuwa Mwitaliano, mwanafunzi wa mtunzi Corelli, na mpiga fidla mwenye sifa kubwa kuliko mwenzake, aliwekwa kando. Sioni sababu ya kihistoria ya uamuzi huo. Naona sababu ya kisasa: walikuwa wamechoshwa na fidla zinazolia.

Kuna mengine ambayo vitabu havisemi kabisa, kwa kuwa mwandishi hakuona haja. Muziki wa zama hizo uliandikwa kwa ufupi wa kushangaza. Mtunzi aliandika sauti ya juu na sauti ya chini kabisa, na juu ya ile ya chini akaweka tarakimu chache. Katikati palijazwa na mikono ya mpiga hapsikodi, au ya mpiga tiorba, palepale, kila siku kwa namna yake. Tiorba ni jamaa wa udi. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga udi wa taarab Unguja au Mombasa akitazama mgongo ule wa duara uliopangwa vibao vyembamba ataitambua mara moja, ingawa ataishangaa shingo yake, ambayo katika baadhi ya tiorba inaifanya ala nzima iwe ndefu kuliko mtu wa kimo cha kawaida. Mababu zake waliingia Ulaya na Waarabu kupitia Hispania na Sicilia. Mpiga tiorba mbele yake ana mstari mmoja wa noti na tarakimu. Mengine yote anatakiwa kuyajua. Zamani aliyajua kwa sababu alikuwa amekaa miaka chini ya mwalimu. Mwalimu alipokosa wa kumrithi, mstari na tarakimu vikabaki, na ujuzi ukaenda kaburini.

Huu ndio umbali ambao hakuna utafiti unaoweza kuufuta. Mashine ya kurekodi sauti ilizaliwa mwaka 1877. Bach alikuwa na miaka 127 ardhini. Hakuna mtu aliye hai aliyemsikia, na hakuna mtu atakayemsikia.

Wanamuziki wenyewe wanaijua hali hii kuliko watu wanaowauzia santuri. Ukiwatazama kwa karibu utaona ni watu wa maridhiano mengi madogo, ambayo hayaandikwi kwenye jalada. Tarumbeta la zama za Bach halikuwa na vali wala tundu. Noti zote zilipatikana kwa midomo peke yake, na baadhi ya noti hizo kwa maumbile ya bomba hutoka nje ya mahali pake. Mafundi wa Ujerumani waliolifufua miaka ya 1960 walilitoboa vitundu vya kurekebisha kasoro hiyo, na sehemu kubwa ya matarumbeta ya "kibaroko", yaani ya mtindo wa zama hizo, unayoyasikia leo yana vitundu ambavyo hakuna mpigaji wa karne ya 18 aliyeviona. Hapsikodi zilidonoa nyuzi zake kwa vipande vya unyoya wa ndege. Leo vipande vingi ni vya plastiki, maana unyoya huvunjika na fundi hapatikani usiku wa onyesho. Hata kimo cha sauti ni mapatano. Okestra za kisasa zinalinganisha noti ya A kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, kiwango kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939. Vikundi vya ala za kale vinatumia 415. Kwa nini 415? Si kwa sababu Bach alikuwa na kipimo. Kila mji ulikuwa na kimo chake: Paris chini zaidi, Venice juu zaidi, na vinanda vikubwa vya makanisa ya Ujerumani juu ya hapo tena. 415 inapendwa kwa kuwa iko nusu toni kamili chini ya 440, hivyo fundi wa hapsikodi anaweza kuusogeza ubao wa vibonyezo hatua moja na ala ikafaa kote kuwili.

Na yako mambo ambayo hakuna anayethubutu kuyarudisha. Opera za Handel kule London ziliwategemea waimbaji waliohasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Senesino, aliyeimba nafasi ya Julius Caesar mwaka 1724, alikuwa mmoja wao. Leo nafasi hizo huimbwa na wanawake, au na wanaume wanaoimba kwa sauti ya juu ya kujifunza. Vivaldi alifundisha na kutunga kwa ajili ya wasichana waliolelewa katika kituo cha Ospedale della Pietà, Venice, waliopiga na kuimba nyuma ya kizuizi cha chuma ili wasionekane vizuri. Hakuna mkurugenzi wa tamasha atakayetafuta yatima wa kuwafungia nyuma ya nondo kwa ajili ya uhalisi. Harnoncourt na rafiki yake wa Amsterdam, mpiga hapsikodi Gustav Leonhardt, walipoanza mwaka 1971 kurekodi kantata zote za kanisani za Bach, kazi iliyowachukua karibu miaka 20, walitumia wavulana kwa sauti za juu, kama alivyofanya Bach mjini Leipzig. Baadhi ya wavulana hao wanagusa moyo. Wengine wanateseka, na msikilizaji anateseka nao. Wengi waliorekodi kantata hizo baadaye walirudi kwa waimbaji wanawake bila kuona aibu.

Kwa wauza santuri haya yote yalifunikwa na maneno mazuri. Miaka ya 1980, diski za kompakti zilipoingia sokoni, jalada baada ya jalada liliahidi muziki ulivyosikika siku ulipotungwa. Mtu aliyelivua nguo dai hilo alikuwa Mmarekani, Richard Taruskin, msomi ambaye mwenyewe alipiga viola da gamba, ala ya kale ya nyuzi, na kuongoza kwaya ya muziki wa kale, kwa hiyo hakusema kutoka nje. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii: ule wepesi, ule mwendo usioyumba, ule ukavu usiotaka machozi, ni mapenzi ya karne ya 20. Ni masikio yaliyolelewa na mtunzi Stravinsky. Walivaa nguo za babu, lakini mwili ulikuwa wao. Makala zake alizikusanya katika kitabu mwaka 1995, na baada ya hapo mwanamuziki makini alilitamka neno "halisi" kwa woga.

Naukubali ukweli wa hoja hiyo, na ina ushahidi mzito kuliko aliouhitaji Taruskin. Ushahidi huo ni mpiga fidla aitwaye Joseph Joachim. Alipelekwa Leipzig mwaka 1843 akiwa na miaka 12, akalelewa kimuziki na mtunzi Felix Mendelssohn, yuleyule aliyeifufua mjini Berlin mwaka 1829 simulizi ya mateso ya Kristo kwa mujibu wa Mathayo ambayo Bach aliitunga na ambayo dunia ilikuwa imeisahau. Joachim ndiye aliyezifanya sonata za Bach za fidla pekee zipate heshima kwenye majukwaa. Mwaka 1903, akiwa mzee wa miaka 72, alirekodi pande tano za santuri, na mbili kati yake ni Bach. Nyuzi za utumbo. Mtetemo wa nadra. Mkono ulioguswa na mkono wa Mendelssohn mwenyewe. Kama kuna shahidi aliyepata kukaribia, ni huyu.

Na hakuna anayempiga Bach kama yeye. Katika mkwaruzo wa santuri ile anatelezesha kidole kutoka noti hadi noti. Mwendo wake unavutika na kurudi. Anaunganisha kile ambacho wapigaji wa ala za kale wanakitenganisha. Kwa masikio yetu anasikika mtu wa zamani kwelikweli, na hilo ndilo linalotusumbua. Hata alipokuja shahidi, wale waliosema wanamtafuta walimsikiliza kwa adabu wakaendelea na mambo yao. (Kwa haki, wapo vijana walioanza kumfuata, hasa katika muziki wa Brahms aliyekuwa rafiki yake. Ni wachache, na wanachekwa.)

Kwa hiyo si sauti ya zamani waliyokuwa wakiitafuta pale Vienna mwaka 1953. Mimi nadhani walitafuta mahali pasipo na mwalimu. Vienna ilikuwa imejaa walimu. Kila noti ya Mozart ilikuwa na mtu aliyejua inavyopigwa, kwa kuwa mwalimu wake aliipiga hivyo, na mwalimu wa mwalimu wake. Urithi wa mkono kwa mkono una utamu wake, sisi tunaolelewa na taarab na ngoma tunajua. Lakini una uzito pia, na kijana aliyekalia kiti cha selo katika okestra ya mji ule aliubeba kila jioni. Kwenye muziki wa watunzi wa kale kama Biber na Fux urithi huo ulikuwa umekatika. Palikuwa na karatasi, ala isiyotii, na vitabu vinne vinavyogombana. Kukosekana kwa shahidi kuliwapa kazi ambayo Mozart hakuwaachia: kuamua. Kila mvuto wa upinde ulibidi uwe na sababu. Harnoncourt aliiacha okestra mwaka 1969, na baadaye akarudi kwenye jukwaa la okestra kubwa kama kiongozi, akawataka mabingwa wale watoe sababu ya kila noti waliyokuwa wakiipiga kwa mazoea. Wapo waliomchukia kwa hilo.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote katika ulimwengu huu ni ya Martin Skowroneck, fundi wa hapsikodi wa Bremen. Miaka ya 1980 alitengeneza hapsikodi ya mtindo wa Kifaransa kwa ajili ya Leonhardt, akaipa jina la fundi wa Rouen, Nicholas Lefébure, na mwaka 1755. Leonhardt alijua. Aliipiga, akarekodi nayo, na ulimwengu wa wajuzi ukaisifu kama ala ya kale. Mwaka 2002 Skowroneck mwenyewe alichapisha maelezo ya alivyoitengeneza, hatua kwa hatua, katika jarida la kitaalamu la watafiti wa ala, akieleza kuwa hakukusudia kumdhulumu mtu. Kuna waliokasirika. Lakini fikiria alichopaswa kujua fundi yule ili kazi yake ipite machoni pa watu waliotumia maisha yao kuchunguza ala za karne ya 18: namna ya kuranda ubao kwa zana za wakati ule, unene wa kila sehemu, uvivu wa fundi wa zamani mahali pasipoonekana. Aliacha kuiga umbo akaanza kufikiri kama fundi wa 1755. Ala yake haina umri, ila ina akili ya umri ule, na sauti yake haikupungua chochote siku siri ilipotoka.

Tofauti ya mbao nayo inafaa kusemwa hapa, kwa msomaji wa Lindi na Kilwa. Obo ya zama za baroko, jamaa wa mbali wa zumari la pwani, kwa kawaida ilichongwa kwa mti wa Ulaya wa rangi ya asali, laini kwa mkono, wenye sauti ya joto isiyokwenda mbali. Karne ya 19, vibonyezo vya chuma vilipozidi na kumbi zilipokua, mafundi walihamia kwenye mbao ngumu za nchi za mbali, na hatimaye kwenye mpingo, unaotoka Tanzania na Msumbiji. Mpingo hauchubuki na haunyonyi mate. Obo na klarineti za okestra karibu zote leo zimetoka kwenye mti wetu. Mpiga obo wa kibaroko anayerudi kwenye mti wa asali anauacha mpingo kabatini pamoja na kila kitu ambacho karne mbili ziliongeza, faida na hasara. Sijui kama wakata magogo wa Kilwa wanajihesabu kuwa sehemu ya historia ya sauti ya okestra ya kisasa. Ni sehemu yake.

Harnoncourt alitangaza kustaafu Desemba 2015, akafariki Machi 2016. Miezi michache kabla ya kustaafu alikuwa amerekodi na Concentus Musicus simfoni ya nne na ya tano za Beethoven, na ukisikiliza mwisho wa ile ya tano utakuta mzee wa miaka 85 bado anakataa kupiga noti yoyote kwa sababu tu ndivyo ilivyozoeleka. Kikundi hakikuvunjika. Uongozi ulichukuliwa na Stefan Gottfried, mpiga hapsikodi aliyefanya kazi chini yake, pamoja na wapiga fidla wakongwe wa kikundi.

Hapo ndipo ninapowasikiliza sasa kwa udadisi kuliko wakati wowote. Leo ala za kale zinafundishwa vyuoni, Basel, The Hague, Vienna, Tokyo, na shahada zinatolewa. Kijana wa miaka 20 hahangaiki na uzi wa utumbo kwa miaka minne sebuleni mwa mtu; mwalimu anamwonyesha kwa nusu saa namna ya kuuvuta, naye huyo alionyeshwa na mwalimu wake, ambaye alimsikia Harnoncourt au Leonhardt. Kumbi zimejaa, ufundi umepanda mno, na kasoro za rekodi za miaka ya 1960 zinawafanya wanafunzi watabasamu. Wanapiga vizuri kuliko waanzilishi. Mvuto wa kushuka mzito, wa kupanda mwepesi, kidole hakitetemeki, A kwenye 415: ukiwauliza kwa nini, wengi watakutajia jina la mwalimu wao.